Nani kashinda mdahalo? Nilishika simu ya studio, naomba nichangie

Mwangaluka wakuu. Mleta uzi ameuliza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, inakuwaje baada ya mdahalo wa Harris na Trump wa Septemba 2024 utafiti wa CNN umpe Harris asilimia 63 kwa 37, halafu Novemba Trump achukue nchi? Pili, mdahalo wa wagombea uliofanyika hapa kwetu Tabora: redio ilimtangaza huyu, makundi ya WhatsApp yakamtangaza yule. Tumwamini nani, na je, redio iache hizi kura za meseji? Naona wachangiaji wengi wamejibu kwa ushabiki. Mimi nitajibu kwa kazi niliyowahi kuifanya.

Kampeni za 2015 zilinikuta kwenye redio moja hapa mjini, kazi yangu ikiwa kushika simu ya studio. Simu yenyewe kitochi, mgongoni imebandikwa plasta yenye namba, ili mtu asijisahau akaitumia kupiga kwao. Tukarusha mubashara mdahalo wa wagombea udiwani wa kata moja, ukumbi uko Isevya. Mtangazaji akawa anarudia kila mara: tuma jina la unayeona kashinda.

Meseji ya kwanza iliingia mwenyekiti akiwa bado anatambulisha wagombea. Hakuna aliyekuwa amefungua mdomo, na mtu keshapata mshindi wake.

Baada ya hapo zikaja kwa mafungu. Ukizisoma zinafanana mpaka makosa: "anatisha sna", herufi imeruka palepale, namba tofauti. Mtu mmoja kaiandika, karushia wenzake, nao wakaituma kama ilivyo. Kuna namba ilituma mpaka nikaikariri tarakimu za mwisho. Kisanduku kikijaa simu inagoma kupokea, inabidi nifute za zamani huku nimeshapiga mistari kwenye daftari, minne na wa tano wa kukata. Hatukusema lolote hewani kuhusu zile zilizogoma.

Halafu angalia nani anatuma. Kata ni moja, lakini redio inasikika Uyui yote na Sikonge. Yule mkulima wa tumbaku anayetuma jina kutoka Sikonge, anamchagulia nani diwani? Na ndani ya kata yenyewe, mama anasikiliza akiwa jikoni, simu ya nyumba iko mfukoni mwa mume na vocha hakuna. Majina ya kike kwenye ile simu yalikuwa ya kutafuta. Mwisho mtayarishaji akachukua daftari langu, mtangazaji akasoma kwa sauti nzito: "Wananchi wameamua!" Wananchi gani, hakusema.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo wengi humu wameilalamikia, na wana haki. Ila kwangu mimi wizi wa meseji si tatizo kubwa, maana unaonekana. Kilichonifikirisha zaidi ni cha kesho yake asubuhi.

Usiku ule watu wanatoka ukumbini nilimsalimia mzee mmoja tunayekunywa naye kahawa, shikamoo mzee, umeonaje? "Marahaba. Yule wa maji kanikosha." Yule wa maji alikuwa ameeleza vizuri kweli, kwa nini maji ya bwawa la Igombe hayapandi kwenye nyumba za juu, na bei ya ndoo kwenye vioski ingeshukaje. Dosari yake ilikuwa moja tu: aliulizwa kata ina mitaa mingapi, akataja idadi, akajisahihisha. Ukumbi ukacheka kidogo, mambo yakaendelea.

Asubuhi kipindi cha magazeti kikaikata ile sehemu ya mitaa na kuipiga kati ya kila habari, tena wakaongeza vicheko. Saa nne niko kijiweni, mzee yule yule anawaambia wenzake: "Yule wa maji? Aa, alichemka. Kata yake mwenyewe haijui!" Nikamwambia mzee, jana si ulisema kakukosha? Akanijibu bila kupepesa: "Jana sikuwa nimetafakari."

Mzee hakuwa anadanganya. Alikuwa kwenye kiti ukumbini, kasikia mwanzo mwisho, na bado alichokuja kukumbuka ni kile alichochaguliwa akikumbuke.

Wamarekani walishalipima jambo hili. Tarehe 6 Oktoba 1976, huko San Francisco, Rais Gerald Ford alisema kwenye mdahalo na Jimmy Carter kwamba Ulaya Mashariki haiko chini ya utawala wa Wasovieti. Wakati huo majeshi ya Kisovieti yako Poland. Watafiti wa upande wa Ford mwenyewe walikuwa wanawapigia watu simu usiku ule ule. Waliopigiwa mdahalo umeisha sasa hivi hawakuona kama Ford kaanguka, na kauli ile karibu hakuna aliyeitaja. Kadiri saa zilivyosogea, taarifa za habari zikaitafuna, magazeti ya asubuhi yakaitafuna, na kufikia jioni ya pili waliopigiwa walikuwa wanasema Carter kashinda kwa mbali. Mdahalo ni uleule, uliobadilika ni usimulizi. Kwa hiyo mkuu, ukiletewa takwimu ya "nani kashinda", uliza kwanza imeulizwa saa ngapi.

Kisha uliza walioulizwa walikuwa nani kabla hawajawasha redio. Humu kuna mtu ameleta ile hadithi maarufu ya mdahalo wa urais wa Marekani wa 1960, kwamba Kennedy alishinda kwa waliotazama televisheni na Nixon akashinda kwa waliosikiliza redio. Hadithi tamu, inafundishwa hadi vyuoni. Msingi wake mkubwa ni utafiti wa kampuni ya Sindlinger uliohoji watu 2,138, na kati yao waliosikiliza kwa redio ni 282 tu. Mwaka 1987 watafiti wawili, Vancil na Pendell, waliufukua wakaonyesha ulivyo mwepesi. Moja ya hoja zao ni kwamba wasikilizaji wa redio kwa wakati ule huenda walikuwa zaidi watu wa vijijini na Waprotestanti, watu ambao Kennedy Mkatoliki wasingempa hata angeongea kama malaika. Yaani pengine si redio iliyompa Nixon ushindi, ni watu waliokuwa tayari wa Nixon ndio waliokuwa na redio. Anayeijua tofauti ya mjini na Uyui hahitaji profesa kumweleza hilo.

Sasa CNN. Utafiti wao si wa kila anayetaka kutuma meseji. Wanatafuta mapema watu waliosema watatazama, wanawahoji kabla, kisha wanawarudia mara tu mdahalo ukiisha. Hapo hakuna namba moja kupiga kura usiku kucha, wala mtu wa Sikonge kuchagua diwani wa mjini. Ni kazi nzuri. Lakini inajibu swali dogo: waliotazama, nani wamemwona kafanya vizuri? Mtu anaweza kukiri kwamba mpinzani wake kaongea vizuri na kura yake isisogee hata inchi. Oktoba 2012 kule Denver walimpa Romney 67 kwa 25, Obama akashinda uchaguzi. Septemba 2016 Hillary Clinton 62 kwa 27, akaja kushinda Trump. Nao huo wa 2024 ulioleta uzi huu ni mwendo uleule. Hawakukosea, sisi ndio tunaliuliza jibu swali ambalo hawakuuliza.

Upo mdahalo ambao hukumu yake iliuma kweli: 27 Juni 2024, Atlanta, Biden na Trump. CNN ilimpa Trump 67 kwa 33, na tarehe 21 Julai Biden akajitoa kugombea. Ila angalia waliohama ni akina nani. Walikuwa viongozi wa chama chake na wachangiaji wa fedha, waliosoma magazeti na kuona hachaguliki tena. Wapiga kura wa kawaida kwenye tafiti walisogea kidogo tu.

Hilo ndilo ninalolitafuta mimi siku hizi: nani kahama. Hapa Tabora tuna mfano ambao hauna ubishi. Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU. Mkoloni anataka kura tatu, kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi wamefika mjini wakiwa tayari kususia uchaguzi. Mwalimu akasimama, akajenga hoja, na mkutano ukaamua kushiriki, ndio Uamuzi wa Busara tunaousikia. Waliingia na msimamo huu, wakatoka na ule. Wengine hawakuhama, Zuberi Mtemvu alitoka akaenda kuanzisha chama chake, ANC. Hapo huhitaji mchambuzi wa magazeti akwambie nani alishinda.

Mdahalo wa wagombea urais wa 1995 ni kinyume chake. Wazee wa hapa wanakula yamini kwamba Profesa Lipumba, mtoto wa Ilolangulu, aliwafunika wote. Kura zikahesabiwa: Mkapa 61.8, Mrema 27.8, Lipumba 6.4, Cheyo 4. Na ukimbana mzee aliutazama wapi, maana televisheni ya ITV ilikuwa ndiyo kwanza ina mwaka mmoja, anakwambia alisimuliwa. (Msije mkanipopoa, mimi pia ni mtu wa Uyui, nampenda Profesa.)

Kenya nao wanatuchekesha. 2017 Raila alisimama jukwaani peke yake, Uhuru hakutokea. 2022 Ruto akasimama peke yake, safari hii Raila ndiye aliyekataa. Sasa hapo unamtangaza nani mshindi, kiti? Wa 2017 aliyekwepa alibaki Ikulu, wa 2022 aliyekwepa alishindwa.

Kuhusu tafiti za nyumbani, usizitupe zote kwenye kapu la meseji. Sauti za Wananchi ya shirika la Twaweza iliteua watu kwa sampuli, ikawapa simu na chaja ya sola, na kuwapigia yenyewe. Hiyo ndiyo dawa ya tatizo la yule mama asiye na vocha. Septemba 2015 walimpa Magufuli 65 na Lowassa 25. Tume ya uchaguzi ikaja kutangaza 58.46 kwa 39.97. Mshindi walimpata, pengo ndilo lililowatoka. Kwangu hicho ni kipimo cha haki cha unachoweza kudai hata ukifanya kazi kwa uangalifu, wiki kadhaa kabla ya kura.

Sasa swali lako la mwisho, redio iache? Isiache. Meseji zinaleta wadhamini na wadhamini wanalipa umeme. Mtangazaji aseme tu "waliotutumia ujumbe", na aseme wamefungua kupokea saa ngapi. Ila kama redio inataka kweli kujua, iache simu ikae, iende ukumbini. Mtu akiingia apewe kikaratasi aandike anamuunga mkono nani, au bado hajaamua. Akitoka apewe kingine chenye namba ileile. Asubuhi, kabla ya kipindi cha magazeti, unatangaza wangapi wamehama na wametoka wapi kwenda wapi. Wasiohama waache, hao ni wa kampeni. Gharama ni rimu moja ya karatasi, muhuri wa namba na vijana wawili mlangoni. Mleta uzi, ukipata redio itakayokubali nicheki inbox, mimi niko Kanyenye, mlango mmoja nitakaa mwenyewe.