Kuhamisha Nyimbo Kwenda Kompyuta Mpya Bila Kupoteza Orodha Zako

Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za zamani wengi wamelazimika kutafuta nyingine. Picha huhama bila shida, nyaraka huhama bila shida, muziki huhama ukiwa kilema. Nyimbo zipo na zinapigika, lakini orodha zote ni tupu, nyota ulizozipa nyimbo za taarab kwa miaka zimefutika, na programu inadai kila wimbo umeongezwa leo.

Sababu ni kwamba hazina ya muziki ina sehemu mbili. Kuna nyimbo zenyewe, yaani faili za MP3, M4A, FLAC au WAV, halafu kuna kumbukumbu ya programu inayozipiga, iwe iTunes, MusicBee, foobar2000 au VirtualDJ. Kumbukumbu hiyo ni kama daftari la bohari: mzigo haumo ndani yake, kilichomo ni maelezo kwamba mzigo fulani uko rafu fulani. Ukibeba mzigo ukaacha daftari, umepoteza historia. Ukibeba vyote viwili kisha ukapanga mzigo kwenye rafu nyingine, daftari litasema uongo. Kazi yote ya kuhama ni kubeba vyote viwili na kuhakikisha anwani za faili zinabaki zilezile.

Na usifanye usafi siku ya kuhama. Kufuta nyimbo zilizojirudia, kubadilisha majina, kupanga upya folda, yote hayo yafanyike wiki kadhaa kabla au baada. Ukichanganya mambo mawili, kitu kikipotea hutajua kimepotelea wapi.

Pima mzigo

MP3 ya kbps 128 (kbps ni kipimo cha data inayotumika kwa kila sekunde ya wimbo) hula takriban MB 1 kwa dakika, ya kbps 320 hula MB 2.4, na WAV yenye ubora wa CD hula zaidi ya MB 10. FLAC mara nyingi huwa nusu ya WAV au zaidi kidogo. Kwa hiyo nyimbo 10,000 za dakika nne nne zitachukua karibu GB 38 zikiwa za kbps 128, na karibu GB 96 zikiwa za kbps 320. Mwenye taarab ya zamani, ambako wimbo mmoja huweza kupita robo saa, asitumie hesabu ya dakika nne. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, soma ukubwa na idadi ya faili, uandike namba zote mbili. Utazihitaji mwishoni.

Chombo kizuri cha kubebea ni diski ya nje ya USB 3.0. Diski ya kawaida ya kuzunguka huandika karibu MB 100 kwa sekunde, hivyo GB 100 hupita ndani ya dakika ishirini hivi. Tundu la USB 2.0 huishia MB 30 hadi 40, na kazi ileile huchukua karibu saa nzima. Faili ndogo nyingi huvuta muda zaidi. Iumbize diski (format) kwa mfumo wa faili wa exFAT kama upande mmoja ni Mac, kwa sababu Mac husoma NTFS, mfumo wa faili wa Windows, lakini haiandiki humo bila programu ya ziada. Kama pande zote ni Windows, NTFS ni bora zaidi, kwani hustahimili umeme kukatika katikati ya kazi.

Flashi za bei ya kutupa zilizoandikwa TB 1 au TB 2, zinazouzwa mitaani Kariakoo kama zinavyouzwa mtandaoni, ziogope. Nyingi zina GB 32 au chini ya hapo ndani, na kidhibiti chake kimechezewa ili kitangaze ukubwa wa uongo. Ubaya wake ni kwamba hazikatai. Zinapokea nyimbo zote, majina yanaonekana, ila kila kilichopita uwezo halisi ni takataka. Kabla ya kuiamini flashi au diski yoyote mpya, ijaribu ikiwa tupu kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Programu hizo huijaza data kisha huisoma tena na kukupa ukubwa wa kweli.

Kusanya zilizotawanyika

Kabla ya kunakili, hakikisha nyimbo zote ziko mahali pamoja. Mtu anaamini nyimbo zake ziko kwenye folda ya Music, kumbe nusu ziko Downloads, nyingine Desktop, nyingine kwenye folda ya WhatsApp iliyonakiliwa kutoka simu. Programu haijali, inazipiga tu kutoka huko ziliko.

Kwenye iTunes dawa yake ipo tayari: nenda File, Library, Organize Library, kisha weka alama kwenye Consolidate files. Itanakili kila wimbo ulio nje na kuuweka ndani ya folda ya iTunes Media, na kumbukumbu itajisahihisha yenyewe. Inanakili, haihamishi, kwa hiyo uwe na nafasi ya kutosha kwenye diski. Kwa programu nyingine, panga orodha nzima kwa safu inayoonyesha anwani ya faili. Zilizo nje ya folda kuu zitajitenga zenyewe.

Angalia pia OneDrive. Ikiwa folda yako ya Music imeingizwa humo, baadhi ya nyimbo zinaweza kuwa na alama ya wingu, maana yake ziko intaneti na hapo ulipo kuna jina tu. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua "Always keep on this device", usubiri zote zishuke. Akaunti ya bure ina GB 5 pekee, kwa hiyo kwenye kompyuta mpya ni heri muziki ukae nje ya OneDrive kabisa.

Anwani

Hapa ndipo wengi hukwama. Kompyuta ya zamani ilikuwa na mtumiaji aitwaye HP, kwa hiyo nyimbo ziko C:\Users\HP\Music. Mpya umeisajili kwa jina lako, na anwani imekuwa C:\Users\Amina\Music. Kwa kumbukumbu ya programu hizo ni sehemu mbili tofauti kabisa, na matokeo yake ni alama ya mshangao pembeni ya kila wimbo.

Unaweza kuidanganya Windows kistaarabu. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa ruhusa ya msimamizi, andika mkdir C:\Users\HP, kisha mklink /J C:\Users\HP\Music C:\Users\Amina\Music. Sasa yeyote anayeulizia anwani ya zamani anapelekwa kwenye mpya. Nafasi ya diski haiongezeki, maana hakuna kilichonakiliwa.

Kama nyimbo zilikuwa D:\Muziki na kompyuta mpya ina C peke yake, ingia Disk Management, punguza C kwa Shrink Volume, tengeneza sehemu mpya uipe herufi D. Ikiwa herufi hiyo imeshachukuliwa na flashi, ibadilishe ya flashi kwanza. Wanaopiga muziki kutoka diski ya nje wachague herufi ya mbali, M kwa mfano, waifunge hapohapo, ili kesho flashi ya mgeni isiichukue.

Orodha zilizohifadhiwa kama M3U ni maandishi matupu, na hilo ni jambo jema. Zifungue kwa Notepad, tumia Replace kubadilisha mwanzo wa anwani ya zamani kuwa mpya, kisha uhifadhi kwa UTF-8, mfumo wa maandishi unaotunza herufi zenye alama, na kiishio cha .m3u8. Kiishio hicho kina maana: M3U ya kawaida huweza kuvuruga herufi zenye alama, na wimbo wa Koffi Olomidé ukatoweka kwa sababu ya é moja tu.

Kunakili kwenyewe

Kuburuta kwa kipanya kunafaa kwa albamu moja. Kwa maktaba nzima tumia robocopy, amri ya kunakili ambayo imo ndani ya Windows tayari. Iandike kwenye Command Prompt:

robocopy "D:\Muziki" "E:\Muziki" /E /COPY:DAT /DCOPY:DAT /R:1 /W:1 /LOG:E:\nakili.txt /TEE

Anwani ya kwanza ni ya zinakotoka nyimbo, ya pili ni ya diski ya nje. /E inachukua folda zote za ndani, /COPY:DAT inalinda tarehe za faili, kwani kuburuta hubadilisha tarehe ya kuundwa. Usisahau /R:1 na /W:1. Usipoziweka, robocopy ikikutana na faili mbovu hujaribu tena mara milioni moja, kila mara ikisubiri sekunde 30. Hiyo ni karibu mwaka mzima kwa wimbo mmoja. Usitumie /MIR kama huielewi vizuri: hufuta upande wa pili chochote kisichokuwepo upande wa kwanza, na ukikosea mpangilio wa folda umefuta maktaba yako kwa amri moja.

Kama kompyuta ya zamani iliwahi kuchomekewa flashi za kila mtu, pengine ina kile kirusi kinachoficha folda na kuweka njia za mkato mahali pake. Usikibebe. Taja aina za faili unazotaka tu, kwa kuandika *.mp3 *.m4a *.flac *.wav *.jpg *.m3u* baada ya anwani mbili, na njia za mkato na faili za kirusi zitabaki nyuma. Folda zilizokwisha kufichwa hurudishwa kwa amri attrib -h -r -s /s /d "D:\Muziki\*", ila kirusi kisafishwe kwanza kwa antivairasi, la sivyo zitafichwa tena.

Zima usingizi wa kompyuta kwenye mipangilio ya umeme, na kama ni ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), chagua saa ambazo umeme haukatiki mara kwa mara. Ukikatika, rudia amri ileile. Robocopy itaruka zilizokamilika.

Ikimaliza, soma jedwali la chini. Safu ya FAILED inatakiwa iwe sifuri kote. Linganisha idadi na ukubwa na namba ulizoandika mwanzo. Kama ulichuja kwa aina za faili, zitapungua kidogo na hilo ni sawa. Kwa nyimbo usizoweza kuzipata tena, kanda za bendi ulizozigeuza dijitali kwa mfano, usiishie hapo: tumia FreeFileSync na uiambie ilinganishe yaliyomo ndani ya faili, siyo ukubwa na tarehe peke yake.

Kompyuta ikiwa imekufa lakini diski yake ni nzima, itoe na uiunganishe kwa waya wa SATA kwenda USB. Diski ikigonga-gonga, acha kuinakili na umpe mtu wa kuokoa data. Kama ilifungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, utaombwa namba ya siri ya kufungulia, ambayo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta.

Daftari

Kwa iTunes beba folda nzima ya iTunes iliyo ndani ya Music, siyo iTunes Media peke yake, kwani faili ya iTunes Library.itl ndiyo yenye orodha, nyota na hesabu za kupigwa. Funga programu kabla ya kunakili. Kwenye kompyuta mpya weka toleo lilelile au jipya zaidi, maana la zamani hukataa kumbukumbu iliyoandikwa na jipya. Shikilia Shift unapoifungua, chagua Choose Library, uielekeze kwenye folda hiyo. Jua pia kwamba ukishaweka programu ya Apple Music kwenye Windows, muziki huhamia huko na iTunes hubakiwa na podikasti na vitabu vya sauti.

foobar2000 huweka mambo yake %APPDATA% (folda ya Windows ya mipangilio ya programu), kwenye folda ya foobar2000 au foobar2000-v2 kulingana na toleo. MusicBee ina faili ya MusicBeeLibrary.mbl.

Madijei wana zaidi ya kupoteza. VirtualDJ huweka kumbukumbu ya kila diski kwenye diski hiyohiyo, hivyo aliye na nyimbo kwenye C na D ana folda mbili za VirtualDJ, na ya D ndiyo husahaulika. Serato, programu nyingine ya madijei, ina folda ya _Serato_, huku alama za kuanzia (cue points) zikiandikwa pia ndani ya faili za nyimbo. Ukigeuza WAV kuwa MP3 wakati wa kuhama, alama hizo zinaweza kupotea.

Zisizohama

Nyimbo ulizoshusha ndani ya Spotify, Boomplay au Apple Music zimefungwa na programu husika. Usihangaike kuzinakili, ingia kwenye akaunti uzishushe upya. Faili za .m4p zilizonunuliwa iTunes kabla ya 2009 zitapigwa kompyuta mpya ikishaidhinishwa. WMA zilizonakiliwa kutoka CD kwa Windows Media Player huku ulinzi umewashwa ni tatizo zaidi, kwa sababu leseni yake ilibaki kwenye mashine ya zamani. Kama CD bado unayo, inakili upya.

Kompyuta ya zamani iache kama ilivyo kwa mwezi mmoja. Kabla ya kuiuza au kumpa mdogo wako, fungua iTunes, ingia Account, Authorizations, ubofye Deauthorize This Computer, maana akaunti moja huruhusu kompyuta tano tu. Ikiwa imeshaondoka mikononi mwako, kwenye taarifa za akaunti kuna kitufe cha kuziondolea idhini kompyuta zote kwa pamoja, lakini hutumika mara moja tu kwa mwaka.