Maswali ya Wasomaji: Unga Umeingiaje Nyumbani Kwetu?

Makala ya toleo lililopita kuhusu heroini, ambayo mitaani huitwa unga, katika miji ya pwani imeleta barua nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Tumechagua nne, tumeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwandishi, na anazijibu afisa ustawi wa jamii anayehudumia waraibu na familia zao.

Mwanangu wa pili ana miaka ishirini na saba na alianza kutumia unga alipokuwa akiendesha bodaboda. Tumempeleka nyumba ya upataji nafuu zaidi ya mara moja. Kila akitoka hukaa wiki chache, kisha hurudi maskani kwa wenzake wa unga. Majirani wanasema nilimdekeza, shangazi zake wanasema amerogwa. Wenzake niliowalea kwa mkono uleule hawana tatizo lolote. Nilikosea wapi?
*Mama, Tanga*

Mama yangu, sehemu ya jibu imo ndani ya barua yako mwenyewe. Umelea watoto kadhaa kwa mkono mmoja na mmoja tu ndiye aliyeangukia kwenye unga. Malezi yana nafasi yake, lakini yangekuwa ndiyo chanzo, usingebaki na watoto salama. Nakuomba uliache swali la kosa lako, kwa sababu linakumaliza nguvu ambazo mwanao anazihitaji, na badala yake tutazame jinsi unga ulivyomfikia na kinachomzuia kuuacha.

Heroini hailimwi Tanga wala popote katika Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi imetoka Afghanistan, ikapita Iran na Pakistan hadi pwani ya Makran, kisha ikavushwa Bahari ya Hindi kwa majahazi hadi kwenye mwambao wetu, ambako sehemu kubwa husafirishwa mbele kwenda nchi nyingine. Tatizo ni kwamba mzigo unaopita huacha mabaki, kwa kuwa wabebaji na walinzi wake mara nyingi hulipwa kwa mali yenyewe, nao huigawa kwenye kete na kuiuza mitaani kwa bei ambayo kijana wa bodaboda anaimudu. Tangu miaka ya 1980 biashara hiyo imejenga soko katika miji ya pwani ambayo kabla yake haikuijua heroini kabisa.

Soko hilo limekutana na vijana wenye muda mwingi na kipato kisichotabirika. Wewe wa Tanga unaikumbuka historia ya mji wako kuliko mimi: mkonge uliporomoka baada ya nyuzi za viwandani kuchukua nafasi yake duniani, na viwanda vingi vilivyowaajiri baba zao vikafungwa. Sisemi kwamba kila asiye na ajira ya kudumu hutumia unga; walio wengi hawautumii. Ninachosema ni kwamba kijana anayeshinda kijiweni akisubiri abiria, mwenye mawazo asiyo na pa kuyapeleka, akipewa na rafiki sigara ya bangi iliyonyunyiziwa unga bila yeye kulipa chochote, yuko karibu zaidi na hatari kuliko yule ambaye siku yake ina ratiba na ambaye jioni kuna mtu anayemngojea.

Baada ya hapo mwili wenyewe huingia katika jambo hili, na hapa ndipo familia nyingi hushindwa kuelewa. Mtu aliyezoea heroini akiikosa kwa saa sita hadi kumi na mbili huanza kupata arosto: machozi na makamasi humtoka, mifupa humuuma, tumbo huvurugika na usingizi hukimbia. Hali hiyo hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo nyumba ya upataji nafuu inaweza kabisa kumvusha mwanao kwenye arosto. Lakini hamu ya unga hubaki kwenye ubongo kwa miezi, pengine miaka, naye mnamrudisha kwenye mtaa uleule, kwa marafiki walewale, bila kazi na bila dawa. Kurudi kwake maskani hakumaanishi kwamba hakupendi au kwamba aliwadanganya aliposema anataka kuacha.

Nina jambo la haraka zaidi la kukuambia. Wiki zinazofuata baada ya kutoka nyumba hizo ndizo za hatari kuu. Mwili uliokaa bila heroini hauwezi tena kuhimili kiasi ulichokizoea, na kete ileile aliyokuwa akiitumia zamani inaweza kumzuia kupumua. Mkimkuta amelala haamki, midomo imebadilika rangi na pumzi inakatika, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali mara moja, bila kumficha daktari alichotumia. Ipo dawa ya kuzindua, naloksoni, lakini inafaa ikiwahi.

Kwa tiba ya muda mrefu, huna haja ya kumpeleka Dar es Salaam. Huduma ya methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini mwilini, iliyoanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, imefika mikoa mingine, Tanga ikiwamo. Mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo, na arosto humwondoka ili aweze kula, kulala na kufikiri. Nenda naye, usimtume peke yake siku ya kwanza. Dua msomeeni, na shangazi zake wasizuiwe kumwombea, lakini msikubali afungwe minyororo wala apelekwe kwa mtu atakayemkataza dawa.

Mateja wamemaliza mita za maji na nyaya za stima mtaani kwetu. Vijana wamechoka na wanapanga kuwashika wenyewe. Mbona polisi hawawazoi wote wakafungwa tukapumua?
*Mzee wa mtaa, Kisauni, Mombasa*

Mzee wangu, shikamoo. Hasara yenu ni ya kweli, na sitaki mtu yeyote aifanye ndogo. Mama anayeamka akakuta mita imeng'olewa na maji yamekatika hana sababu ya kuambiwa awe na subira. Aliyeiba ashitakiwe kwa wizi. Ila vijana wenu waambieni mapema, nanyi wazee msimame mbele yao, kwamba kumpiga au kumchoma mtu ni kuua, na walio wengi kati ya hao mateja ni watoto waliozaliwa Kisauni hiyohiyo.

Kuwazoa wote kumeshajaribiwa katika miji mingi. Mtumiaji hufungwa miezi kadhaa, hupitia arosto kwenye sakafu ya seli, hutoka bila tiba, na baada ya siku chache mita inayofuata hung'olewa. Anachoiba hakimpi utajiri; kinampa kete ya asubuhi, na saa chache baadaye anahitaji nyingine. Mkitaka wizi upungue, ikateni mbio hiyo ya kila siku. Methadoni huikata, kwa sababu dozi moja hushikilia mwili kwa siku nzima. Kenya ilianza huduma hiyo mwishoni mwa mwaka 2014 katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, ikafuata Malindi mwaka 2015, na leo kliniki ipo Kisauni kwenyewe. Ningependa kuona baraza la wazee likienda pale kuuliza ni vijana wangapi wa mtaa wenu wanaohudhuria na ni kitu gani kinawazuia waliobaki.

Nguvu ya dola ielekezwe kwa wanaoleta. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi mashariki mwa Mombasa likiwa na zaidi ya kilo 1,000 za heroini. Mwezi Desemba 2023 mamlaka ya Tanzania ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini. Hakuna teja mwenye uwezo wa kukodi jahazi. Mizigo ya ukubwa huo ina wenye fedha, wenye maghala na wenye marafiki ofisini, na kila askari anayetumwa kumfukuza mgonjwa uchochoroni anaondolewa kwenye kazi hiyo.

Yupo na mtu mwingine ambaye barua yako haikumtaja: anayezinunua hizo mita. Shaba na chuma havigeuki pesa bila mnunuzi wa vyuma chakavu, na kwa kawaida mtaa unamjua. Hilo mnaweza kulianza wiki hii pamoja na chifu, bila kumgusa mtu kwa fimbo.

Nakunywa methadoni Temeke mwaka wa pili sasa, na unga nimeacha. Kaka yangu anasema nimebadilisha ulevi kwa ulevi. Tatizo jingine ni kazi: kwenda kliniki kila asubuhi kumenifanya nipoteze vibarua. Je, niache dawa?
*Kijana, Dar es Salaam*

Mdogo wangu, usiache, na hasa usiache ghafla. Dozi hupunguzwa taratibu kwa miezi mingi, kwa makubaliano na daktari, na wapo wanaoendelea nayo kwa miaka mingi bila aibu yoyote. Mwambie kaka yako kwamba mgonjwa wa sukari hunywa dawa kila siku na hakuna anayemwita mraibu wa vidonge. Uraibu ni kutafuta kitu hata kinapokuharibia maisha. Wewe unakunywa dozi iliyopimwa, hujidungi sindano iliyopita kwa wengine, na hivyo umejiepusha na virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005 kwa sababu hizo. Ujihadhari na pombe na vidonge vya usingizi, kwani vikichanganyika na methadoni huweza kuua, na ukianzishiwa dawa za kifua kikuu waambie kliniki siku hiyohiyo, maana baadhi yake hupunguza nguvu ya methadoni mwilini.

Suala la vibarua ni zito, na lawama hapa si yako. Tiba inayomtaka mtu awepo kliniki kila asubuhi humnyima kazi ambayo ndiyo ingemlinda asirudi alikotoka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu mgonjwa aliyetulia kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani. Muulize daktari wako kama umefikia hatua hiyo, na kama jibu ni hapana, uliza ni vigezo gani unatakiwa uvitimize. Waajiri nao wanaosoma safu hii nawaomba waziwazi: kijana anayechelewa kwa saa moja asubuhi kwa sababu ya tiba ni mfanyakazi anayejitahidi kuliko mnavyodhani.

Wifi yangu anatumia unga na sasa ni mjamzito. Hataki kwenda popote kwa kuogopa kuonekana. Tumfungie ndani mpaka aache?
*Dada, Unguja*

Hapana, dada yangu, tafadhali msimfungie. Arosto ya ghafla wakati wa ujauzito inaweza kuhatarisha mimba, na ndiyo maana madaktari hupendelea kumweka mjamzito kwenye methadoni badala ya kumkatisha kila kitu kwa mara moja. Woga wake naujua: mwanaume anayetumia huonewa huruma na watu wa nyumbani, lakini mwanamke hutukanwa, na matokeo yake kliniki zina wanawake wachache kuliko wanaohitaji huduma. Huduma ya methadoni ipo katika Hospitali ya Kidongo Chekundu, hapo Unguja, tangu mwaka 2015. Nenda kwanza wewe peke yako, uulize saa ambazo hakuna watu wengi na kama kuna mhudumu wa kike, kisha umsindikize. Kliniki ya wajawazito nayo asiikose, na mkunga aambiwe ukweli wote tangu siku ya kwanza, ili mtoto akizaliwa aangaliwe kwa siku kadhaa hospitalini, kwa sababu yeye pia anaweza kupata arosto, nayo hutibika akiwa karibu na mama yake.