Mabano yanabeba mpaka visivyotakiwa

SWALI: Kaka shikamoo. Naweka orodha ya stoo ya duka la mama kwenye faili la kawaida, mistari iko hivi: Sukari (kilo 2), unga (kilo 5) umeisha, chumvi (pakiti 3). Nataka vilivyo ndani ya mabano tu. Kwenye Python nimeweka regeksi (ile fomula ya kutafutia maandishi) \((.*)\) ila inanitolea kitu kimoja kirefuu: kilo 2), unga (kilo 5) umeisha, chumvi (pakiti 3. Shida nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mabano ya nje umeyawekea mkwaju wake (\) vizuri, yanasomeka kama mabano ya kawaida, shida ni ile nukta na nyota (.*), yaani herufi yoyote, mara yoyote. Zikikaa pamoja zina uroho, zinameza mstari wote mpaka mwisho alafu ndo zinaanza kurudi nyuma herufi moja moja kutafuta bano la kufunga, na la kwanza kukutana nalo ni lile la chumvi, basi zinaishia hapo.

Wengi watakwambia ongeza alama ya kuuliza, \((.*?)\), na kweli kwa mstari wako itakubali, inachukua kidogo kidogo na kusimama kwenye bano la kwanza la kufunga. Lakini usiizoee. Tuseme kesho unataka kiasi cha kilichoisha tu ukaandika \((.*?)\) umeisha, itakupa kilo 2), unga (kilo 5, kwa sababu imeanzia bano la sukari na hakuna kilichoikataza kuvuka. Mi nakushauri hii:

re.findall(r'\(([^)]*)\)', mstari)

Hiyo [^)] ni herufi yoyote ile isipokuwa bano la kufunga, kwa hiyo kuvuka haiwezi kabisa. Utapata kilo 2, kilo 5, pakiti 3, kila kimoja peke yake, na ukiiongezea umeisha mwishoni kama pale juu inakupa kilo 5 tu. Mabano ya ndani yasiyo na mkwaju ndo yanayokamata kipande unachokitaka, usiyafute.

Angalia kitu kimoja: ukisoma faili zima kwa mpigo na kuna mahali mama kasahau kufunga bano, hii itatiririka mpaka mstari wa chini, so weka [^)\n] (\n ni alama ya mstari mpya) isivuke mstari. Na kama siku moja utakuwa na mabano ndani ya mabano, mfano (katoni 2 (ndogo)), hapo re (moduli ya regeksi) ya Python achana nayo, andika lupu (kodi inayojirudia) ipite herufi moja moja ihesabu mabano yanayofunguka na yanayofunga, hesabu ikirudi sifuri ndo mwisho wa kipande.