Kauri hai kwenye tangi la nyumbani: anza na chakula chake

Wenzangu wenye matangi ya vioo ya maji chumvi, ya kufugia viumbe wa baharini, hapa Mtwara wakimwona kauri hai kwangu, yule konokono wa baharini mwenye gamba linalong'aa, huniuliza nao watampata vipi. Nami huwauliza kwanza: tangi lako lina umri gani, na lina mwani wa kutosha? Kama tangi ni jipya na mawe bado meupe, nawaomba wasubiri. Kwa nilivyoona, kauri wengi wa majumbani hufa kwa njaa. Hupungua nguvu polepole, na mwenyewe anahangaika kubadilisha maji wakati tatizo ni chakula.

Kauri wako wa aina nyingi na hawali kitu kimoja. Kwa anayeanza nampendekeza yule mdogo mwenye duara la rangi ya chungwa mgongoni, Monetaria annulus. Ana urefu wa sentimita 2 hadi 3 hivi, anakwangua mwani kwenye mawe na vioo, na hana ugomvi na viumbe wengine. Ndugu yake wa manjano, Monetaria moneta, tabia zao ni moja. Hawa wawili ndio waliotumika kama fedha zamani. Katika karne ya 19 shehena za yule mwenye duara zilitoka pwani yetu ya Afrika Mashariki kwenda kutumika Afrika Magharibi.

Anayewaponza watu ni kauri mkubwa mwenye madoa meusi, Cypraea tigris. Anavutia sana, nakubali. Lakini anafika sentimita 10 na zaidi, na akishakua hula sifongo, anemoni na matumbawe laini, yaani vitu vile vile ulivyotumia pesa na muda kuvitunza. Pia ana nguvu ya kusukuma jiwe ambalo halikukaa sawa. Usimweke kwenye tangi dogo la matumbawe, hata kama umepewa bure.

Kwa hao wadogo, tangi la lita 100 na kuendelea, lililokwisha tulia kwa miezi 6 au zaidi, linatosha. Usisugue vioo vyote. Acha kioo cha nyuma kiote mwani. Mwani ukipungua, chukua ule wa kijani laini wenye majani mapana unaoota kwenye miamba, usuuze kwa maji ya bahari, uubane chini ya kijiwe baada ya kuzima taa. Mabaki yatoe asubuhi, maana yakioza yanaleta sumu ya amonia. Mawe ya kupanga ndani si lazima yatoke baharini. Mawe makavu ya matumbawe yanayochimbwa nchi kavu, kama yale yaliyojenga nyumba za kale za Mikindani na Kilwa, yanafaa kabisa ukiyasugua na kuyaloweka wiki kadhaa, mradi hayana saruji wala chokaa.

Kuhusu maji, sisi tuna bahati, bahari iko mlangoni. Ila si kila maji ya bahari yanafaa. Chota wakati maji yamejaa, mbali na bandari na mbali na mifereji ya mji. Msimu wa masika, upande wa mdomo wa Mto Ruvuma maji huwa na tope na chumvi yake hushuka, hivyo huko usichote. Dumu liwe halijawahi kubeba mafuta wala sabuni. Nunua haidromita, kipimo cha chumvi ya maji, isome 1.024 hadi 1.026. Na hapa naomba tuelewane vizuri: maji yakipungua tangini kwa joto, kilichopotea ni maji tu, chumvi yote imebaki. Kwa hiyo jazia maji yasiyo na chumvi, yale yaliyochujwa ya kunywa, kidogo kidogo kila siku. Ukijazia maji ya bahari, chumvi inapanda mpaka konokono anajikunja na kuacha kula.

Vitabu vingi vya matangi vimeandikwa kwa nchi za baridi, vinasisitiza haita, kifaa cha kupasha maji joto. Kwetu shida ni joto. Kuanzia Novemba hadi Machi chumba chenye bati kinachemka, na maji yakipita nyuzi 29 hewa ndani yake inapungua. Feni inayopuliza juu ya maji inasaidia sana, na tangi likae mbali na dirisha la jua. Umeme ukikatika pampu zinasimama, kwa hiyo weka pampu ndogo ya hewa ya betri. Ukikosa pesa ya kununua vyote kwa pamoja, anza na hiyo pampu kabla ya taa za bei kubwa.

Siku ya kumwingiza usimtumbukize. Mimi hutumia mpira wa dripu, ule wa duka la dawa, mpya. Kauri anakaa kwenye bakuli na maji aliyokuja nayo, mpira unashuka kutoka tangini, unalegeza kile kigurudumu chake mpaka maji yadondoke tone moja moja. Saa moja na nusu hivi yanakuwa yamechanganyika taratibu. Maji ya bakuli yamwage, usiyarudishe tangini. Mdomo wa pampu ufunge sifongo, kwa sababu kauri hupanda popote na akinaswa anachanika.

Mchana atajificha, usimtafute. Mtazame usiku kwa tochi ya mwanga hafifu. Utaona ngozi laini, yenye vinyweleo vya nyama, ikipanda pande zote mbili za gamba hadi kukutana mgongoni na kulifunika lote. Ngozi hiyo ndiyo inayolijenga gamba na kulipa mng'aro ule. Ndiyo maana kauri hai hana ukurutu wala mwani mgongoni. Ukimgusa, inarudi chini haraka na gamba linabaki wazi. Ukiona siku nyingi ngozi haipandi kabisa hata usiku wa manane, kuna jambo: pima chumvi, pima joto, angalia kama kuna samaki anayemdonoa.

Shaba ni sumu kwake. Dawa nyingi za madoa meupe ya samaki zina shaba, hivyo samaki mgonjwa mtibu kwenye chombo kingine, na koki au waya wa shaba visiguse maji. Dawa ya kupulizia mbu nayo usiipulize chumba chenye tangi. Kamba na kaa wadogo ndio wa kwanza kufa.

Kauri anaweza kutulia sehemu moja siku kadhaa bila kufa. Hana kifuniko cha mlangoni kama konokono wengine, kwa hiyo usimhukumu kwa hilo. Mtoe, gusa nyama yake: aliye hai hujivuta ndani. Aliyekufa harufu yake itakwambia, na umtoe saa hiyo hiyo. Tazama pia chini yake kabla ya kumng'oa, huenda ni jike amelalia vifuko vya mayai. Mwache alivyo. Watoto wakitoka wataelea na kuishia kwenye kichujio, hawakui tangini, lakini jike aliyebanduliwa kwa nguvu anaumia bure.

Na suala la kumpata. Msimbati na Ruvula zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Huko usiokote kitu bila kibali. Kwingineko nenda kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako, umweleze unachotaka. Kwa tangi la nyumbani kauri mmoja au wawili wanatosha, na jike uliyemwona juu ya mayai mwambani usimguse. Ukiinua jiwe maji yamekupwa, lirudishe kama lilivyokuwa, upande wa chini urudi chini, kwa sababu viumbe vilivyoganda huko hufa kwa jua la mchana mmoja tu.