Usiilipie hiyo seti kabla hujasoma lebo ya betri yake

Ndugu yangu, rudisha pochi mfukoni. Umeandika kwamba, kwa kuwa hapa Montgomery County, Maryland, ni marufuku kutumia mashine za petroli za kupuliza majani tangu tarehe 1 Julai 2025, umeona ya umeme ya volti 40 yenye punguzo, na muuzaji amekuhakikishia kwamba chaji yake inakaa saa nzima. Sasa unauliza kama itakutosha. Niliposoma "saa nzima" nilishikwa na hasira, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa mimi pia niliponunua yangu.

Kuachana na petroli ni uamuzi sahihi. Injini zile ndogo zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli hutoa sehemu kubwa ya mafuta bila kuyaunguza, na Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California imekadiria kwamba kutumia mashine moja ya kibiashara kwa saa moja huchafua hewa sawa na kuendesha Toyota Camry maili 1,100. Balaa lipo katika kununua.

Ile saa nzima hupimwa kwa mwendo wa chini kabisa, ambao unafaa kuondoa vumbi barazani. Betri yangu ilikuwa ya volti 40 na ampea-saa 2.5, ukizidisha unapata wati-saa 100, yaani akiba yote ya nishati iliyomo, na mashine ikiwa kwenye nguvu kamili ilivuta wati 700 hivi. Piga hesabu mwenyewe: hazifiki dakika 9. Jumamosi ya kwanza, majani ya mwaloni yakiwa yamelowa mvua, ilizimika kabla sijamaliza njia ya gari, nikabaki nimeshika bomba tupu kama mpiga tarumbeta aliyeachwa na bendi.

Nilirudi dukani nikiwa na hasira, na hapo ndipo nilipochomwa zaidi. Muuzaji yuleyule aliyeniuzia seti ya kwanza, ambaye bado namwombea majani mengi uani kwake, aliniuzia betri kubwa ya kampuni nyingine kwa dola 160 akisema volti 40 ni volti 40. Si kweli hata kidogo. Kwa kawaida kila kampuni hutengeneza mdomo wa betri kwa umbo lake, na ya huyu haiingii kwa yule hata volti zikilingana. Kwa kuwa nilikwisha kufungua kasha, walikataa kuipokea, na mpaka leo kazi yake ni kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Mke wangu aliniuliza kama ninakusanya majani au betri. Mwishowe nilinunua seti nyingine kabisa kwa dola 400, juu ya dola 189 nilizolipia ile ya kwanza.

Kwa hiyo, chagua betri kwanza, mashine baadaye. Zidisha volti kwa ampea-saa, na chini ya wati-saa 250 usinunue kama una miti mikubwa; kisha hakikisha kampuni hiyohiyo inauza mashine ya kukata nyasi inayotumia betri hiyohiyo, ili uwe na mbili za kubadilishana. Sasa natumia mbili za volti 56 na ampea-saa 5, na moja hunipa zaidi ya dakika 20 za nguvu kamili.

Weka hapa picha ya lebo iliyo ubavuni mwa betri hiyo kabla hujalipa. Nitaiangalia jioni hii nikitoka kazini.