Fizi zikiuma, uji wa sukari hausaidii: chakula cha mwenye kisukari na afya ya mdomo wake

Mwenye kisukari akianza kuumwa na fizi, kitu cha kwanza nyumbani ni kumpikia uji. Ndivyo ilivyo hapa Busia, upande wa Uganda: uji wa unga mweupe wenye sukari vijiko viwili vitatu "apate nguvu", mkate uliochovywa kwenye chai, na soda akishindwa vyote. Wanaompikia wanampenda kweli. Lakini chakula hicho ndicho kinachomzidishia maumivu.

Nina kisukari aina ya pili, na fizi zangu ziliwahi kuvimba hadi kutafuna muhogo wa kuchemsha kukawa kazi. Povu la mswaki lilikuwa likitoka na damu, na jino moja la mbele chini likawa linacheza nikiligusa kwa ulimi. Miezi hiyohiyo sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa haishuki chini ya 11 (mmol/L, kipimo cha mashine ya nyumbani), ingawa dawa nilikuwa nameza kama nilivyoandikiwa. Kliniki nilikokuwa nahudhuria walinipima presha, wakaangalia macho na miguu. Mdomo hakuna aliyeuliza. Ni daktari wa meno aliyeniuliza, "Mama, tangu meno yaanze kuuma unakula nini?" Nilipomtajia, akaniunganishia mambo yote mawili.

Sukari ikipanda kwenye damu, inapanda pia kwenye mate na kwenye majimaji yaliyo kati ya jino na ufizi, na bakteria wa ukoga wanapata chakula. Mdomo unakauka, mishipa midogo ya ufizi inadhoofika, chembe nyeupe za damu zinapigana kwa ulegevu, na kidonda kinachelewa kupona. Kisha ugonjwa unarudi upande wa pili: uvimbe wa fizi hupeleka kemikali zake kwenye damu, insulini inashindwa kufanya kazi vizuri, sukari inapanda tena. Majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja yameonyesha kwamba kutibu fizi vizuri hushusha HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, kwa karibu pointi 0.4 za asilimia. Kwa mtu anayehangaika kutoka asilimia 8 kufika 7, hicho si kitu kidogo.

Sasa jikoni. Mdomo unaouma unahitaji chakula laini, sawa, lakini laini si lazima kiwe unga na sukari. Ovakado tunayo kwa wingi na bei yake haiumizi. Maharagwe ukiyapika hadi yapondeke kwa mwiko, hayahitaji meno. Mukene (dagaa) waliokaushwa vizuri, ukiwasaga na kuwatia kwenye mchuzi wa njugu, wanakupa protini, na kalsiamu kwa kuwa unawala na mifupa yao. Yai la kuchemsha liponde na nyanya. Dodo (mchicha) na nakati, mboga zetu za majani, zikatwe ndogondogo, zifunikwe kwenye sufuria na maji yake mwenyewe hadi zilainike. Ukipenda uji, chukua wa wimbi usiokobolewa, kikombe kimoja, bila sukari, pamoja na yai au njugu. Na bado ni wanga, kwa hiyo uhesabu.

Matooke, ndizi za kupika, sikukatazi. Shida yetu ni sahani ya sherehe: matooke, wali, posho (ugali), viazi vitamu na muhogo, vyote juu ya sahani moja, halafu mchuzi kijiko na mboga za kupamba. Hiyo ni wanga mara tano. Mimi huchagua kimoja, ukubwa wa ngumi yangu, robo ya sahani. Robo nyingine maharagwe au samaki, na nusu mboga. Huanza na mboga na maharagwe, matooke mwishoni. Pima saa mbili baada ya mlo kwa namna zote mbili, mashine yako itakuonyesha tofauti.

Vinywaji ndivyo vinavyonikera zaidi. Soda ya mililita 300 ina karibu gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai kama saba, na mtu anainywa kidogokidogo kutoka saa nne hadi saa nane, kila funda likiwalisha bakteria upya. Juisi ya matunda na bushera (kinywaji cha unga wa mtama) iliyotiwa sukari ni hivyohivyo. Na muwa, jamani, hausafishi meno kama tunavyoambiana. Ni maji ya sukari.

Anayetumia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) asipunguze wanga ghafla bila kuzungumza na mhudumu wake, na asimeze dawa akakaa na njaa kwa sababu mdomo unauma. Ukitetemeka, ukatoka jasho, na kipimo cha mashine kiko chini ya 4 mmol/L, hapo ndipo sukari ni dawa: vijiko vya chai vitatu vilivyojaa kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15.

Chakula peke yake hakiondoi ukoga ulioganda kuwa mgumu. Maji ya chumvi yanatuliza tu. Unahitaji kusafishwa kwa vifaa, na nyumbani mswaki laini asubuhi na usiku hata kama damu inatoka. Uliza kituo cha afya cha daraja la nne au hospitali ya wilaya kama wana mhudumu wa meno. Nenda umekula, umemeza dawa, na daftari lako la vipimo mkononi, umwambie una kisukari kabla hajagusa jino. Ila ukiona usaha, shavu limevimba au una homa, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.