Kabla ya Kupiga Mbizi Cape Town, Tazama Upepo

Watu wa pwani tukihamia Cape Town tunakuja na mazoea yetu: jua likiwaka, bahari iking'aa, twende tukaoge. Huku jua halikwambii lolote kuhusu maji. Anayekwambia ni upepo, na kila ndugu anayenifuata huku namsihi asibebe miwani ya kupigia mbizi kabla hajajua unavuma kutoka wapi.

Rasi ina pande mbili. Magharibi ni Atlantiki, penye Clifton na Camps Bay. Mashariki ni ghuba ya False Bay, penye Muizenberg, Kalk Bay na Simon's Town. Majira ya joto upepo hutoka kusini-mashariki. Husukuma maji ya juu ya Atlantiki kwenda mbali na pwani, na maji baridi ya chini yakapanda kushika nafasi yake. Ndiyo maana Januari, mchanga wa Clifton umejaa watu, bahari inaweza kuwa nyuzi 12 au chini ya hapo. Ni baridi, lakini ni safi. Upepo uo huo huipiga False Bay usoni na kuyatibua maji. Ikifika Juni hadi Agosti upepo wa kaskazini-magharibi hushika zamu, milima huikinga Simon's Town, na ghuba hutulia. Huo ndio wakati wangu, na Windmill Beach, jirani na Boulders, ufuo wa pengwini, ndipo ninapompeleka mgeni kwanza.

Vaa suti nene ya kuzamia, yenye kofia. Nenda na mwenzako. Ukianza kutetemeka, toka, hata kama hamu haijaisha.

Usitarajie matumbawe. Hapa ni miamba, na juu ya miamba pamesimama msitu wa mwani mrefu, mwingine unapita mita 10. Shina lake lina uwazi wenye gesi, kwa hiyo husimama wima na majani yakaelea juu. Wageni huogopa kunasa. Usipigane na majani. Zama kidogo, upite katikati ya mashina kama anayetembea shamba la minazi. Ukiguswa na jani, lisogeze kwa mkono, polepole.

Na polepole ndiyo siri ya kuona. Tazama wale viumbe wa duara wenye miiba ya zambarau waliobana kwenye mwamba: wengi wamejitwika vipande vya kome na mwani kichwani. Chini ya miiba hiyo hujificha wachanga wa perlemoen, konokono mkubwa wa baharini. Miaka ya 1990 kambakochi walipohamia kwa wingi mashariki ya Cape Hangklip, ncha ya mashariki ya mdomo wa False Bay, waliwala hao wenye miiba, na perlemoen wachanga wakakosa pa kujificha. Kwa hiyo tafadhali: usiwabandue, na jiwe ulilogeuza lirudishe lilivyokuwa. Perlemoen mwenyewe usimchukue kabisa. Uvuvi wa kujiburudisha wa konokono huyu umefungwa tangu 2003, na majangili wameshamaliza wengi.

Utamkuta pia papa mdogo wa hapa ambaye akishtuka hujikunja duara na kufunika macho kwa mkia. Mwache ajikunjue mwenyewe. Kuhusu papa wakubwa, Muizenberg kuna waangalizi wanaotazama kutoka mlimani. Bendera nyeupe yenye picha ya papa mweusi ikipanda, toka majini bila kubishana.

Pengwini wa Boulders walianza kuzaliana pale miaka ya 1980, na tangu 2024 aina yao imewekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Wakiwa wanatoka baharini, wapishe njia. Picha itasubiri.

Wenye watoto wadogo, nendeni kwenye mabwawa ya maji chumvi ya St James au Dalebrook, halafu mchungulie vidimbwi vya miambani wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo. Humo mna viti vya pweza, kaa na samaki wadogo wa rangi ya mwamba. Maji ya bamvua huku hupwa kabisa kwenye saa tatu au nne asubuhi, kwa hiyo mkiwahi mtakuwa mmeshamaliza kabla upepo wa mchana haujapanda.